Harrier ya V6, msimbo P0330: sensa ya noki imejificha chini ya manifodi, nifungue au nisubiri?

Mwenye Harrier, Chake Chake

Assalaam alaykum ndugu zangu. Ninayo Toyota Harrier ya mwaka 2001, injini ya 1MZ-FE ya lita tatu yenye silinda sita za mkao wa V, na kwa miaka minne niliyokuwa nayo hapa Pemba haikuwahi kunipa tabu ya maana. Tangu mwishoni mwa msimu wa karafuu, taa ya injini imekuwa ikiwaka kila ninapoelekea Wete, na ikishawaka tu gari hukataa kuingia gia ya nne. Injini hulia kama inayopanda mlima hata mahali pa tambarare, mshale wa mizunguko husimama juu ya 2,500 nikiwa katika mwendo wa 80, na mafuta yaliyokuwa yakinitosha wiki nzima sasa hayafikishi siku tano.

Niliipeleka gereji moja ambayo sitaitaja, fundi akachomeka mashine yake ikasoma P0330, akaufuta msimbo huo, akaiacha injini ikiunguruma pale pale uwanjani kwa robo saa, na taa ilipokuwa haikurudi akaniambia kwamba gari imepona na akachukua ujira wake. Sikufika hata nusu ya njia ya kurudi nyumbani taa ikawaka tena. Fundi wa pili aliisikiliza tu, hakupima chochote, akasema gia boksi imekufa na inahitaji kufunguliwa. Wa tatu ndiye aliyenitisha zaidi, kwa sababu maneno yake yalikuwa na dalili za ukweli: alisema kwamba msimbo huo ni wa sensa ya noki, kwamba sensa yenyewe imekaa katikati ya V chini ya manifodi, yaani mabomba ya kugawia silinda hewa, na kwamba kuifikia ni kazi ya siku mbili, yaani ujira peke yake unashinda bei ya sensa.

Ninachotaka kujua ni kama kweli sensa inaweza kuizuia gia isiingie, na kama ipo njia ya kuwa na yakini kabla ya kufungua injini yote ile. Kazi ya mikono ninaiweza kwa kiasi, vifaa ninavyo, na ninaye shemeji yangu wa kunisaidia. Kitu nisichokuwa nacho ni fedha ya kubahatisha.

Fundi wa Mwanakwerekwe

Waalaykum salaam. Fundi wako wa tatu amesema kweli, na huyo wa pili umshukuru Mungu kwamba hukumwachia gari. Sensa ya noki ni sikio la injini: ndani yake mna kigae kidogo ambacho kikitikiswa hutoa umeme mdogo sana, na kompyuta huusoma umeme huo ili ijue kama mchanganyiko wa petroli na hewa unalipuka kabla ya wakati wake ndani ya silinda. Ikisikia mlipuko huo wa mapema, ndiyo noki yenyewe, huchelewesha cheche za plagi kidogo kidogo mpaka sauti iishe. Kompyuta inapokosa kabisa kusikia kitu kutoka kwa sensa, haiwezi kujua kama injini inajiumiza au la, kwa hiyo huchukua njia ya usalama na kuchelewesha cheche moja kwa moja, na katika gari za aina hii huzuia pia gia ya juu kabisa ili injini isibebeshwe mzigo katika mizunguko ya chini. Ndiyo sababu nguvu imepungua, mafuta yameongezeka na gia ya nne imepotea, na yote matatu ni jambo moja.

Kuhusu gereji ya kwanza, kosa lao ni la kutoijua tabia ya msimbo wenyewe. Kompyuta ya injini hii haiihukumu sensa ya noki gari inapokuwa imesimama katika mizunguko ya chini, bali huanza kuitafuta sauti yake mizunguko inapofika 2,000 na kuendelea. Ungeweza kuiacha ikiunguruma uwanjani kuanzia asubuhi mpaka magharibi na taa isiwake.

Sasa jambo ambalo watu wengi hulikosea. Sensa ziko mbili, moja kwa kila upande wa V. P0325 ni sensa ya kwanza na P0330 ni sensa ya pili. Kwa kuwa injini hii imelazwa kwa upana wa gari, upande wa kwanza ni ule wa nyuma, karibu na ukuta unaowatenga abiria na injini, na upande wa pili ni ule wa mbele, unaoelekea rejeta. Yako kwa hiyo ni ya mbele. Nimewahi kuletewa gari iliyobadilishwa sensa ya nyuma kwa msimbo wa mbele, na mwenyewe akiapa kwamba spea aliyouziwa ilikuwa feki.

Kabla ya kufungua chochote, fanya jaribio la kuzibadilisha nafasi. Waya wa sensa hizi mbili hufika kwenye kompyuta, ambayo imekaa nyuma ya sanduku la dashibodi. Tia alama kila waya, zibadilishane nafasi mbili hizo, futa msimbo, kisha iendeshe gari barabarani juu ya mizunguko 2,000. Msimbo ukihama ukawa P0325, kompyuta ni nzima na ubovu uko chini, ama kwenye sensa ama kwenye waya. Ukibaki P0330, usiguse manifodi, kwa sababu shida iko kwenye kompyuta yenyewe.

Dereva wa watalii, Nungwi

Mimi nilikuwa na Alphard yenye injini hiyo hiyo na msimbo huo huo, na sikufungua manifodi. Fundi alinunua sensa moja ya mtumba, akaifunga kwa bolti kwenye kichwa cha injini mahali palipo wazi, akavuta waya mpya hadi kwenye soketi, ikawa imekwisha kwa saa mbili. Gia ilirudi siku hiyo hiyo na nimeendesha mwaka mzima. Nimesikia pia kwamba wapo wanaoweka rezista tu, kile kipande kidogo cha ukinzani, pale kwenye waya na taa ikazimika. Sioni kwa nini mtu alale siku mbili juu ya boneti kwa ajili ya kitu kinachotatulika kwa njia ya mkato.

Fundi wa Mwanakwerekwe

Ndugu yangu wa Nungwi, sikatai kwamba gari yako inakwenda. Rezista lakini ni kuliziba sikio na kisha kumwambia mgonjwa kwamba hakuna kelele, na mara nyingi hata taa haizimiki, kwa sababu kompyuta haitafuti ukinzani, inatafuta mtikisiko. Njia ya kuihamisha sensa ina nafuu kidogo, ila mahali palipochaguliwa na watengenezaji, kati ya silinda zenyewe, pana sababu: pale chuma kinachukua sauti ya mlipuko wa kila silinda ya upande ule. Kwenye ncha ya kichwa cha injini sensa husikia vizuri vali na mnyororo au mkanda wa taimingi, na vibaya kile inachotakiwa kukisikia. Kompyuta inaridhika kwamba ipo sauti, lakini siku utakapojaza petroli mbovu na kuupanda mlima na abiria saba, hiyo sauti haitakusaidia.

Mwalimu mstaafu wa ufundi, Wete

Mwanangu wa Chake, nimeyasoma yote na ninaongeza jambo moja la mita, kwa kuwa najua utakwenda kuichukua mita yako na itakudanganya. Sensa ya gari yako ni ya aina inayoingia kwa nyuzi zake yenyewe kama plagi, yenye ncha moja ya waya, na mwili wake ndio unaokamata umeme wa ardhi kupitia chuma cha injini. Sensa nzima ya aina hii ikipimwa kati ya ncha na mwili haitakiwi kupitisha umeme hata kidogo, mita itaonesha ukinzani usio na mwisho. Mtego uko hapa: waya uliokatika katikati nao utakuonesha vivyo hivyo. Kwa hiyo mita inaweza kuihukumu sensa iliyoshotika, lakini haiwezi kukuthibitishia kwamba sensa ni nzima. Ukitaka kujua zaidi, weka mita kwenye kipimo kidogo cha volti za umeme wa kupishana, mmoja wenu agonge taratibu kwa nyundo ndogo kwenye kishikio cha kunyanyulia injini, na mwingine atazame kama namba inaruka. Ikiruka upande mmoja na upande wa pili ikalala, umepata unachokitafuta.

Waya wenyewe pia si waya wa kawaida. Umefunikwa kwa ngao ya nyuzi nyembamba za chuma, kwa sababu umeme wa sensa ni mdogo sana na unapita karibu na nyaya za koili zinazorusha volti maelfu. Anayeukata na kuuunga kwa waya wa taa ya nyumbani anaipa kompyuta kelele za plagi badala ya sauti ya injini, na gari itachelewesha cheche bila ya sababu, na huenda taa isiwake kabisa, kwa hiyo hutajua kwa nini gari ni nzito. Kipande cha waya kilichomo ndani ya V huuzwa peke yake pamoja na soketi zake mbili. Kwa joto la pale, plastiki ya soketi hizo ikifikisha miaka ishirini inavunjika kama biskuti, na hewa yetu ya chumvi inakula ncha za shaba mpaka zinakuwa kijani. Mimi nikilazimishwa kuchagua kati ya kununua sensa mpya na kununua waya mpya, ningeanza na waya.

Mwenye Harrier, Chake Chake

Ahsanteni sana, Fundi na Mwalimu. Nimefanya jaribio la kubadilisha nafasi leo baada ya alasiri. Nilitoka Chake kwa njia ya Mkoani, taa ikawaka kabla sijafika mbali, na mashine niliyoiazima imesoma P0325. Umehama. Nimeagiza Unguja sensa mbili, kipande cha waya na gasketi, vinakuja na boti ya keshokutwa inshallah. Naomba sasa nielezwe namna ya kufika huko na namna ya kufunga, khasa bolti za nyuma, maana nimechungulia kwa tochi na sioni hata mkono utaingilia wapi.

Fundi wa Mwanakwerekwe

Umefanya vyema kuagiza zote mbili, kwa sababu kufika pale ndiko kunakogharimu, na sensa ya nyuma ina umri ule ule wa ya mbele.

Anza injini ikiwa baridi kabisa, alfajiri ni wakati mzuri. Toa fyuzi au rilei ya pampu ya mafuta, washa injini mpaka izime yenyewe ili shinikizo la petroli liishe kwenye bomba, kisha ndipo uondoe ncha hasi ya betri. Punguza maji ya rejeta kidogo, kwa kuwa mipira ya maji inapita kwenye throto, ule mlango wa kuingizia hewa. Piga picha kwa simu kila mpira wa hewa na kila soketi kabla ya kuichomoa, na usiseme utakumbuka.

Chemba ya juu ya manifodi ndiyo ngumu, na ugumu wake si bolti za juu bali vishikio vya nyuma vinavyoishikilia kutoka upande wa ukuta. Hizo huzioni, unazifungua kwa vidole. Lala juu ya injini ukiwa umetandika gunia au godoro jembamba, peleka mkono wa kushoto nyuma kwanza bila spana ili kidole kiijue bolti ilipo na imeelekea wapi, halafu ndipo upeleke soketi ya spana yenye kiungo cha kupinda na mkono mrefu. Kioo kidogo cha kinyozi kinasaidia kuliko tochi kubwa. Funga uzi kwenye soketi, kwa sababu ikiangukia nyuma ya injini itakupotezea saa nzima, na sumaku ya kuokotea haifiki kila mahali. Mimi mwenyewe ninayo soketi ya milimita kumi iliyobaki ndani ya gari ya mtu fulani mpaka leo.

Chemba ikishatoka, reli ya nozeli za petroli na manifodi ya chini hazina ugumu mkubwa. Kabla ya kuinyanyua manifodi, puliza au vuta uchafu wote uliozunguka, na mara tu inapotoka ziba matundu sita ya kuvuta hewa kwa vitambaa safi vikubwa vinavyoonekana, si vipande vidogo vya karatasi. Jiwe moja la mchanga likiingia kwenye silinda, sensa itakuwa ndiyo shida ndogo uliyonayo.

Sensa zinatoka kwa soketi ndefu ya spana, ya kwangu ni ya milimita 27. Safisha mahali zinapokaa mpaka chuma king'ae. Usizungushe tepu nyeupe ya mabomba kwenye nyuzi, usipake gundi wala grisi: sensa inakamata ardhi kupitia nyuzi hizo, na inasikia kwa kugusana na chuma, kwa hiyo chochote unachoweka katikati ni pamba ndani ya sikio. Na usiiangushe. Sensa iliyoanguka kwenye saruji itupe hata kama kwa nje haina alama, kigae cha ndani kinaweza kuwa kimepasuka.

Kukaza ndiko kunakoharibu sensa nyingi mpya. Kipimo chake ni niutoni mita 39, ambayo ni sawa na kutundika kilo nne mwishoni mwa mkono wa spana wenye urefu wa mita moja. Ikilegea haisikii, ikikazwa kwa hasira inasikia vitu visivyokuwapo. Azima spana ya kupimia nguvu, usikadirie. Lakini itazame kwanza uliyoletewa, kwa sababu zipo sensa za Toyota za miaka ya baadaye zilizo bapa na tundu katikati, zinazofungwa kwa bolti na kukazwa kwa 20 tu, na hizo si za injini yako. Bolti za manifodi ya chini hukazwa kwa niutoni mita 15, nazo uzikaze kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu. Ni alumini ile, nyuzi zake hazisamehe.

Mwenye Harrier, Chake Chake

Nimerejea baada ya siku tano. Kazi ilituchukua siku moja na nusu, mimi na shemeji, na karibu saa tatu katika hizo zilikwenda kwenye bolti mbili za nyuma. Ushauri wa kutanguliza kidole bila spana ndio uliotuvusha. Bolti ya pili ilikuwa imeshikwa na kutu, tukaipaka mafuta ya kulegeza, tukaenda kuswali adhuhuri, na tuliporudi ikafunguka kwa mkono mmoja.

Tulipoinyanyua manifodi ya chini tulikuta kiota. Majani makavu, vipande vya gunia na vikonyo vya karafuu, kiota kizima cha panya kimejaa ndani ya V, na waya wa sensa ya mbele umetafunwa mpaka umebaki uzi mmoja. Gari hulala kando ya ghala la karafuu, kwa hiyo mkosaji simtafuti mbali. Sensa zote mbili kwa macho zilikuwa nzima. Mwalimu, waya ulikuwa ndio wenyewe, kama ulivyosema. Hata hivyo nilifunga sensa mpya zote mbili, kwa kuwa sikutaka kurudi tena kule chini, na spana ya kupimia nguvu niliiazima kutoka kwa kijana anayetengeneza injini za boti Mkoani.

Siku ya kwanza ya kuiwasha, injini ilitikisika na mashine ikasoma P0171 na P0174. Nilikata tamaa nikidhani nimeharibu kitu kikubwa zaidi.

Fundi wa Mwanakwerekwe

Misimbo hiyo miwili kwa pamoja ni hewa inayoingia bila ya kupita kwenye kipimo, pande zote mbili za V. Mpira wa hewa umeachwa wazi, au gasketi ya chemba imekaa upande.

Mwenye Harrier, Chake Chake

Ni mpira. Mdogo, nyuma ya chemba, upande usioonekana, na kwenye picha za simu ulikuwa umefunikwa na mkono wa shemeji. Nilipouchomeka injini ilitulia pale pale. Jana nimekwenda Wete na kurudi, nikapitia Konde kwa makusudi ili nipate milima, gia ya nne inaingia bila ya kusita na taa haijawaka.

Swali la mwisho ni la panya. Nimesafisha yote, lakini ghala liko pale pale.

Mwalimu mstaafu wa ufundi, Wete

Funika waya mpya kwa bomba la plastiki lenye mikunjo, lile la kufunikia nyaya za gari, na acha boneti wazi usiku gari inapolala ndani ya uzio, kwa sababu panya anapenda mahali pa giza na joto. Na utafute paka, mwanangu. Hizo sensa kuukuu usizitupe. Zifunge kwenye kitambaa uzilete Wete ukipata safari, nizipime kwa nyundo na mita, na zikiwa nzima tutampa mwenye Alphard wa Nungwi aache kuendesha na sensa iliyotundikwa ukingoni.

Dereva wa watalii, Nungwi

Nazipokea, Mwalimu. Lakini atakayelala juu ya boneti ni Fundi.